Vidole Vilivyolika

Mzee Zihindula, Mkongomani, alipanda basi mjini Louisville, Marekani, kwenda kazini, akitoka kunyimwa kibali cha kupita haraka kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege. Nafula, Mkenya aliyekaa kando yake, alisikia kisa chake, akampa pole. "Si u-apply tena, mzee? Mimi hupita dakika tano tu, hata laptop sitoi."

Zihindula alimwonyesha vidole, laini kama sabuni. "Bon, tazama! Miaka saba nabeba maboksi. Mashine inasema haioni alama za vidole."

Nafula alimshauri apake mafuta. Shauri la mtu anayefanya kazi amekaa.

"Mafuta!" Zihindula alifoka hadi dereva akageuka. "Maboksi inapanda ndege bila kuulizwa kitu. Donc ni mie mwenye kuipakia ndio hawaamini?"

Basi likasimama mbele ya ghala la mizigo ya ndege. Akashuka kwenda kupakia maboksi mengine.