Siku Mgongo Wangu Ulipogusa Chini

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na kwenu mliokaa nje chini ya turubai kwa kukosa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Wageni wetu wa Buseresere, mwangaluka.

Mchungaji amenipa nafasi ya kushuhudia, nami nimemwambia ukweli kwamba ushuhuda wenyewe sijauelewa vizuri. Wenzangu husimama hapa wakasema nilikuwa mgonjwa nikapona, nilikuwa sina kitu nikapata. Mimi nilikwenda kwenye michezo mikubwa ya mataifa, nikaangushwa chali dunia nzima ikiniona, nikarudi nyumbani. Na bado nasema nimefunguliwa. Mnivumilie, nitaeleza kadiri ninavyoweza.

Kwa wasionifahamu, naitwa Kabula, mtoto wa Mama Kashinje wa hapa hapa Kagongwa, yule anayepepeta mchele pale mashineni. Nacheza judo. Najua wapo wanaodhani ni ngumi. Sio ngumi. Mnashikana nguo, kila mmoja anatafuta kumtupa mwenzake, na mgongo wa mwenzako ukitua wote chini kwa nguvu, umeshinda papo hapo, hakuna cha kujadili. Wenyewe wanaita ippon. Shikeni hilo la mgongo, maana shida yangu yote ilikuwa hapo.

Aliyenifundisha ni mwalimu Hamadi, mtu wa Unguja aliyekuja Kahama kikazi, akaoa, akabaki. Mikeka ya judo hatukuwa nayo. Tulijaza pumba za mpunga kwenye magunia, tukayapanga, tukatandika turubai juu, tukaanza kutupana. Pumba zilituwasha mpaka masikioni. Na kabla hajatufundisha kumwangusha mtu, mwalimu alitufundisha kuanguka. Alikuwa akisema, "Kabula mwanangu, kidevu kifuani, piga mkeka kwa mkono, halafu mwachie mgongo kazi yake." Nilianguka vizuri kuliko wasichana wote, ndugu zangu. Nilipenda kuanguka. Mpaka mjomba aliposikia kwamba nimechaguliwa kushindana Mwanza.

Mjomba wangu huyu, kaka yake mama, ni manju wa ngoma. Wasukuma wenzangu mnayajua mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, watazamaji wakihamia upande wa pili umekwisha, na hakuna manju anayeingia pale bila dawa. Sasa kwa mjomba mashindano ni mashindano, iwe ngoma, iwe judo. Akanipeleka kwa fundi wake upande wa Geita, nikachanjwa chale kwenye uti wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, nikapakwa dawa nyeusi iliyowaka kama pilipili. Halafu mjomba akanipa mwiko. Akasema, "Mazoezini anguka utakavyo, hata ngoma ya mazoezi haina dawa. Lakini siku ya mashindano, mbele ya kadamnasi, mgongo huu usiguse chini. Ukigusa, aliyekubeba mgongoni ndiye atakayeondoka. Na mwenyewe usimwambie."

Aliyenibeba mgongoni ni mama. Nilikuwa binti mdogo, nikaamini.

Tangu hapo nikawa mtu wa kujipinda. Nikitupwa kwenye mashindano, najizungusha hewani, natua kwa tumbo, kwa bega, hata kwa kichwa, mradi mgongo usiguse. Watu wakapenda. Wakaniita Paka. Nilishinda Mwanza, nikashinda Dar es Salaam, mjomba akawa anatembea kifua mbele kama ameshinda yeye. Mwalimu Hamadi peke yake hakufurahi. Alinishika shingo siku moja akasema nikiendelea kutua hivyo, hii shingo itavunjika aizike yeye.

Kisha nikaokoka, hapa hapa, mbele ya benchi lile. Mkaniombea, nikalia, nikaacha mengi. Lakini ndugu zangu, niseme wazi, mwiko haukutoka. Jumapili naimba kwaya kwamba Yesu ndiye ngao yangu, Jumamosi kwenye mashindano najipinda nisimuue mama. Nilikuwa naamini vyote viwili. Nikishinda, nyinyi mnasema ni maombi, mjomba anasema ni chale zake, na mimi katikati sijui nimshukuru nani. Mtu anaweza kuokoka na bado akawa amefungwa? Mimi nilikuwa hivyo.

Ndipo nikachaguliwa kwenda kwenye ile michezo mikubwa. Mlichanga, mkaniombea, mkanisindikiza. Mama wakati huo alikuwa ameanza kusumbuliwa na presha. Alinivalisha kitenge begani, akaniambia nikale vizuri huko. Nikamkumbatia mgongoni, akashangaa, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Sitawaeleza habari za majumba na vyakula vya huko, tutakesha. Ukumbi ulikuwa mkubwa, mikeka laini isiyowasha, taa kali kila upande. Pambano la kwanza nilishinda kwa kumbana mwenzangu chini mpaka muda ukaisha. Nikatoka nacheka. Kule nyuma, mwalimu Hamadi akanipa simu yangu, nikakuta kaka yangu Kashinje amepiga. Nikampigia. Akasema, "Kabula, mama ameanguka mashineni. Tumemleta hospitali Kahama. Hasemi."

Hapo akili yangu ikaruka. Maana mgongo wangu ulikuwa haujagusa chini! Mwiko nimeushika, na mama ameanguka. Nikajiuliza, kwani nimekosea wapi? Au pale nilipombana yule msichana niligusa kidogo bila kujua? Nikaanza kujipapasa mgongo pale pale kama mtu aliyeingiwa na siafu. Nikaomba, na maombi yenyewe yalikuwa ya ajabu. Nikasema, Bwana, nisaidie nisianguke. Halafu nikasema, Bwana, hata kama sio wewe unayenizuia kuanguka, nisaidie tu. Naona aibu kuyarudia mbele yenu, lakini ndivyo nilivyoomba.

Nikaitwa. Mpinzani wangu alikuwa msichana mrefu wa nchi za baridi, mikono kama reli. Alinishika kola, akanizungusha, nikajikuta miguu iko juu. Nikajipinda nilivyozoea. Nikatua kwa bega na shingo, nikasikia kitu kinalia ndani ya shingo, ko. Akapewa alama. Refa akasimamisha pambano, nikawa napiga magoti naona nyota. Kwenye judo kocha haruhusiwi kusema ila pambano likisimama, na mwalimu Hamadi alikuwa amesimama kwenye kiti chake, macho mekundu. Akaniita, "Kabula! Mwanangu, anguka kama nilivyokufundisha. Mgongo una kazi yake."

Ndugu zangu, mwalimu hakujua habari za mwiko. Hakuna aliyejua. Lakini yale maneno yaliniingia nikaona kama amenisoma ndani.

Refa akaturuhusu. Yule msichana akaingia tena, akanichota mguu kwa ndani. Nikaenda hewani. Na hapa ndipo nisipoelewa mpaka leo. Nilikuwa na nafasi ya kujipinda, mwili unajua wenyewe, nimefanya hivyo miaka yote. Haukujipinda. Kidevu kikaenda kifuani, mkono ukapiga mkeka, na mgongo wangu wote, na chale zake zote, ukatua chini. Paa! Refa akanyoosha mkono juu. Ippon. Nikabaki nimelala natazama taa, nasema moyoni, nimemuua mama.

Yule msichana alininyanyua, akanikumbatia, sijui alisema nini kwa lugha yake. Nikainama kama taratibu inavyotaka, nikatoka mbio kwenye simu. Kashinje hapokei. Napiga, hapokei. Mwalimu Hamadi akakaa sakafuni pamoja nami, nikamweleza yote, mjomba, fundi, chale, mwiko. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi tumpigie mpaka apokee." Yeye Mwislamu, akaomba dua yake, mimi naomba ya kwangu, simu inaita.

Ikapokelewa. Na aliyepokea hakuwa Kashinje.

Ilikuwa sauti ya mama. Nzito, ya taratibu, lakini ya mama. Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, nimekuona. Nesi ametushikia simu yake tukakutazama wodi nzima. Umeumia mgongo?"

Nililia mpaka watu wakageuka. Nikasema, mama, nimegusa chini, mama nisamehe, nimegusa chini. Nikamweleza mwiko wote kwa haraka. Kisha akasema, "Mjomba wako huyu anayeumwa mgongo kila masika mpaka tunamkanda? Angeanza na wake." Nikasikia wodi nzima inacheka nyuma yake. Akasema amekunywa uji, ameanza kupata fahamu wakati wanafungua hiyo simu, nisikae na njaa.

Sasa nimerudi, na kila mtu ana maelezo yake. Mjomba anasema dawa ilivuka bahari ikapoteza nguvu. Kashinje anasema ni sindano ya daktari. Mwalimu Hamadi anasema nilisahau kukinga mguu nikachotwa, basi. Mchungaji naye mtamsikia. Mimi sijui ni lini hasa nilifunguliwa, kama ni hewani au chini. Ninachojua ni kwamba ningeshinda siku ile, leo ningekuwa bado najipinda. Mungu aliacha nishindwe. Simwelewi, lakini namshukuru kwa moyo wangu wote.

Juzi nilikwenda kwetu mazoezini, nikavaa nguo za judo, nikawaambia wasichana wadogo wanitupe kwenye magunia yetu ya pumba mbele ya wazazi waliokuja kutazama. Wakanitupa mpaka wakachoka. Niliwashwa jioni nzima, na nilikuwa na furaha.

Ndugu yangu uliyekaa hapo, huenda umepewa mwiko wako, umeubeba umenyamaza, unajipinda kila siku ili usimwangamize umpendaye. Mweleze Bwana hata kwa maombi ya hovyo kama yangu. Alinisikia mimi niliyeomba vile, atakusikia na wewe. Njoo mbele, tutaomba pamoja.

Ila kabla hamjaja, Mama Kashinje, nakuomba usimame wakuone. Simama mama, usione haya. Ndugu zangu, huyo ndiye aliyenibeba mgongoni. Mtazameni. Mimi nilianguka chali, na yeye huyo hapo amesimama.