Wanawake wa Alhamisi

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mkae mnizunguke. Thaddeus, acha kusimama mlangoni kama mdai kodi, vuta kiti. Charmaine kaa kulia kwangu, Odile kaa kushoto, na msinitazame kwa macho ya msibani, maana msiba haujafika, na ukifika nataka uwakute mmekwisha kula. Muuguzi ameniambia ukweli leo asubuhi, nami nikamshukuru, kwa sababu mtu mzima akishaambiwa safari i karibu hufunga mizigo yake mwenyewe. Mimi Oletha Broussard nililetwa Los Angeles hii kutoka Louisiana sijaota hata meno, nikasoma, nikaongoza filamu, nikapendwa na baba yenu, nikawazaa, nikacheza dansi mpaka viatu vikaomba msamaha, na yeyote atakayesimama kanisani kusema kwamba maskini Oletha aliteseka, mwambieni amekosea jeneza.

Nyumba hii ni yenu watatu kwa usawa, na yule dalali anayesukuma vikaratasi chini ya mlango asisikie kwamba nimekufa mpaka mmekwisha kubadilisha kitasa. Sufuria la chuma la mama yangu ni la Thaddeus, kwa kuwa katika ninyi watatu ni yeye peke yake awezaye kukaanga unga wa gambo bila kuuunguza. Ninyi mabinti, Mungu awarehemu, mnapika ile supu ya bamia kama dawa ya kikohozi. Msicheke. Haya, chekeni, ni kweli.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililowafanya Charmaine na Odile msisemeshane tangu Pasaka, mkawa mnatumiana salamu kupitia kwa kaka yenu kana kwamba yeye ni posta. Ni filamu yangu. Tamasha la sinema za wanawake la mji huu, lile lile lililoikataa nilipokuwa kijana, sasa linaitaka, tena linataka kufungua nayo tamasha vuli hii. Charmaine anasema tuwape, wana chumba cha baridi cha kutunzia mikanda na wataalamu wa kuisafisha, na hasira haihifadhi filamu. Odile anasema labda wapite juu ya maiti yake, heri aichome. Wote mmenijia kwa nyakati zenu, kila mmoja akamsengenya mwenzake kwa heshima, nami nikanyamaza. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Leo sinyamazi.

Mmeiona filamu ile ukumbini kwa padri mara nyingi, lakini hamjui ilivyozaliwa. Mama yangu Clotilde alifanya kazi za ndani kwenye majumba ya Hancock Park, na rafiki zake vilevile, na siku yao ya mapumziko ilikuwa Alhamisi. Jumapili madamu wana wageni, Jumamosi wana karamu, basi Alhamisi ndiyo waliyoachiwa, nao wakaipokea kama sikukuu. Walivaa kofia zao nzuri na glavu, wakaja jikoni kwa mama, wakafunga mlango, wakaweka santuri, wakawasha jiko. Nilipokuwa chuoni, tayari mama wa mtoto mmoja, nikaazima kamera nikaenda kuwapiga picha, mwalimu wangu akitarajia nimletee machozi. Mimi nikamletea Alhamisi.

Walipika gambo yao wenyewe, wakala kwa vyombo vyao wenyewe, na walipokwisha kushiba wakaanza mchezo wao wa kuigiza madamu. Loo! Philomene alimwiga madamu wake akihesabu zabibu kwenye bakuli kabla ya kutoka, mpaka mwenzake mmoja akaanguka kitini. Mama akajitwika taulo la vyombo kichwani likawa nywele ndefu za kizungu, akapandisha sauti puani, akasema, “Clotilde mpenzi, wewe si mtumishi, wewe ni mtu wa familia yetu kabisa!” Na Philomene akamjibu kwa unyenyekevu, “Ahsante madamu. Sasa katika ile nyumba ya ufukweni, mimi mmeniandikia chumba kipi?”

Halafu mama akamwiga Gretchen. Gretchen alikuwa binti wa nyumba aliyofanyia kazi mama, msichana wa umri wangu, mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha, naye alikuwa ndiyo kwanza ameingia harakati za wanawake, kila siku mkutanoni. Mama akaingia jikoni mbio mbio, taulo linapepea, mikono juu: “Clotilde, dada yangu, ukombozi umefika! Wanawake wote ni kitu kimoja! Hakuna tena kutumikishwa! Hebu nipigie pasi ile blauzi nyeupe upesi, nimechelewa mkutanoni.” Mkono wangu ulitikisika kwa kicheko, na ndiyo maana picha inayumba pale, wasomi wameandika kwamba nilifanya vile kwa makusudi. Waacheni na usomi wao.

Basi nani aliyekuwa katika kamati ya kuchagua filamu za lile tamasha lao la kwanza? Ndiye huyo huyo Gretchen. Alinialika yeye mwenyewe, kwa moyo mweupe, akawaambia wenzake huyu ni binti wa Clotilde, tumekua pamoja. Tumekua pamoja! Mimi nimekua Jefferson, mtaa wetu watu weusi, yeye amekua Hancock Park, tuliyekuwa tukigawana ni mama yangu, naye alipata fungu kubwa.

Nikaweka mkanda, taa zikazimwa, wale mabibi wakatazama. Taa zilipowaka mmoja akauliza kwa upole mkubwa, “Lakini mwanamume anayewakandamiza yuko wapi? Mbona haonekani?” Nikamwambia, “Hayupo, mama. Hawa hawamwoshei vyombo mwanamume.” Gretchen alikuwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Wakanong’ona, wakaniambia filamu ina uhai lakini ina kasoro, eti kuwacheka wanawake wenzetu ni kuvunja umoja, eti jiko ni gereza la mwanamke na mimi nimelionyesha kama harusi, basi niukate mchezo wote wa madamu na badala yake iwekwe sauti ya Gretchen akieleza mateso ya wale wanawake. Sauti ya nani? Ya Gretchen. Ayaeleze mateso ya mama yangu, ilhali yeye ndiye blauzi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwao jiko lilikuwa gereza kweli, siwabishii. Lakini mama alikuwa anatoka alfajiri kila siku kwenda kwenye jiko la watu, na jiko lake mwenyewe, siku ya Alhamisi, mlango umefungwa, ndipo mahali pekee mjini humu pasipokuwa na mtu wa kumwita. Mtu anapotaka kukukomboa akuulize kwanza umefungwa wapi.

Nilikusanya makopo yangu ya mikanda nikatoka. Nikawapelekea vijana wetu wa harakati za watu weusi, wenye ndevu na miwani ya jua ndani ya nyumba, wakatazama, wakasema, “Dada, hizi ni porojo za jikoni. Mapambano yako wapi?” Nikayachukua tena makopo yangu. Nilikaa njiani nikacheka peke yangu mpaka mwenye gari la mayai akauliza kama nina homa.

Lakini siku ile ya kamati, mama alikuwa akinisubiri nje garini, na kofia yake kichwani. Nikaingia nimenuna, machozi karibu. Akaniuliza, “Wameikataa?” Nikamwambia ndiyo. Akauliza, “Gretchen amejitambua?” Nikasema, “Amejitambua mama, amekuwa mwekundu.” Mama akapiga kofi usukani, akacheka mpaka honi ikalia. “Basi filamu ni nzuri,” akasema, “twende tukale.” Odile, wewe unaibeba hasira yangu kana kwamba ni dhahabu niliyokuachia. Mimi hasira ile niliishusha palepale garini, mwanangu. Sikukuambia uiokote.

Nawe Charmaine usichanue tabasamu, nakuja kwako. Unataka kuwapa filamu moja kwa moja, watie sahihi, yaishe. Mwanangu, kutunziwa si kunyang’anywa, lakini njia kati ya hayo mawili ni fupi kuliko unavyodhani. Na hapa ndipo niwaambie nililowaficha. Wiki iliyopita, mlipokuwa makazini, Gretchen alikuja hapa. Odile, keti! Nimesema keti. Alikuja na mkongojo, ananuka manukato yale yale ya mama yake, nikamketisha pale alipo Thaddeus, nikamwonyesha filamu nzima. Ilipofika kwenye blauzi akatazama bila kupepesa, akatazama, kisha akauliza, “Nilikuwa mjinga kiasi hicho?” Nikamwambia, “Kiasi hicho, Gretchen, tena mama alikupunguzia.” Akacheka. Wallahi alicheka, bibi mzima, akajifuta pua kwa mkono wa nguo, nami nikacheka naye, na katika kucheka kule akanishika mkono akasema, “Oletha, usiwe na wasiwasi, kama hutaweza kufika nitapanda jukwaani mimi, niwaeleze watu jinsi nilivyoigundua filamu hii.”

Ebo! Nikamwambia, “Gretchen, hukuigundua, uliikimbia. Usisafirie nyota ya mwenzio. Utakaa kitini na kupiga makofi kama watu wengine.” Akanuna. Alinuna vile vile alivyokuwa akinuna utotoni, mama alivyotuigizia. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, “Kiti cha mstari gani?” Nikamwambia wa mbele, kwa sababu macho yake ni mabovu. Mtamwekea kiti hicho, na asipuuzwe, na asipewe kipaza sauti.

Thaddeus, niinulie mto. Hapo. Ahsante, baba.

Basi wosia wangu ni huu. Filamu itaonyeshwa, yote, bila kukatwa hata kicheko. Itakaa kwenye chumba chao cha baridi, na itakuwa mali yenu. Na atakayepanda jukwaani ni Odile. Ndiyo, wewe uliyekuwa unataka kuichoma. Charmaine asione vibaya. Yeye nimemwachia hesabu na nyaraka kwa sababu ana kichwa kizuri, na nilidhani, nisameheni nikisema wazi, hana habari na wale wanawake, kwake ni filamu tu ya mama. Odile ana moto. Nataka moto, lakini uliokwisha kupikiwa kitu.

Hutahutubu, Odile. Una kazi moja. Hamjajiuliza kwa nini filamu ile inaisha na giza tupu, bila majina? Watu wamedhani nilikosa fedha za kuandika. Wale wanawake ndio walioniomba. Madamu mmoja tu angeona jina la mtumishi wake, kazi imekwenda, na nyumba imekwenda nayo. Philomene alinishika shavu akasema, “Tuonyeshe nyuso, maana nyuso zetu hawazijui, lakini majina usitaje mpaka wa mwisho wetu afukiwe.” Wa mwisho amefukiwa majira haya ya kuchipua, mlinipeleka kwa kiti cha magurudumu, mkadhani nalia kwa huzuni. Nilikuwa nimefunguliwa mdomo. Lile giza la mwisho likifika, Odile, taa zisiwashwe. Utasimama gizani uyataje. Shika, nitayataja mara moja.

Clotilde Broussard, mama yangu. Philomene Guidry, aliyehesabiwa zabibu. Earlene Tubbs, ndiye aliyeanguka kitini. Ozella Mouton, tuliyemzika juzijuzi. Na... na yule wa kofia ya kijani. Aliyetoka Texas. Alikuwa akiimba huku anakata vitunguu. Yarabi, jina lake. Nimemwona kwenye mkanda ule maisha yangu yote... Odile, unalijua? Hulijui. Ah, wanangu. Nimewatunzia sura, jina limeniponyoka. Watamwita nani sasa? Mwanamke mwenye kofia?

Nani kasema? Thaddeus, ni wewe?

Charmaine? Sema tena.

Birdie Lee Haskins. Ndiye. Ndiye huyo! Birdie Lee! Wewe umelijulia wapi? ...Chini ya meza. Ulikuwa chini ya meza, kitoto, nimekuweka pale ili usiguse nyaya, naye akawa anakudondoshea vipande vya soseji. Na ulikuwa unamwita. Miaka yote hii hukusema. Hukuulizwa, ni kweli, mama, hukuulizwa. Nimetoa filamu nzima kulalamika kwamba watu walitutazama wasituone, na mwanangu nimemtazama hivyo hivyo. Njoo nikubusu. Lete na hicho kichwa kizuri.

Basi nabadilisha. Mtapanda wawili. Thaddeus, wewe ni shahidi. Odile aanze, Charmaine amalizie, na mkifika jukwaani hamjasemeshana, nitarudi niwazomee mbele ya watu.

Sauti inaniishia, vumilieni. Mungu Baba awalinde... awape kicheko kisichoomba ruhusa. Awape wa kuwajua kwa majina. Wewe Thaddeus, inama, nikutie msalaba. Odile, nawe. Charmaine... shusha kichwa... hivyo. Nimewabariki, na watoto wenu, na watakaokuja.

Msilie. Taa iacheni tu. Odile, mshike dada yako mkono. Mkono, si kidole. Sasa yatajeni, wote wawili, tangu mwanzo... polepole.

Nawasikiliza.