Mama Queen na Makorongo ya Oktoba

Baada ya miaka ishirini na minne katika kituo chetu cha kutunza wazee hapa Arlington, Bi. Yasinta Komba, ambaye wengi tunamwita Mama Queen, anastaafu tarehe 30 Juni 2025.

Alianza kama msaidizi wa wauguzi, akiogesha na kulisha wagonjwa mchana na kusoma jioni, hadi akawa muuguzi, kisha msimamizi wa wodi. Wauguzi zaidi ya arobaini wamepita mikononi mwake. Lakini ukituuliza alitufundisha nini, tutaanza na jangwa.

Mwaka 2004 mama yake alifariki Songea, na kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji hakuweza kwenda kuzika. Alipewa mapumziko ya siku tatu. Akawasha gari, akaelekea magharibi bila mpango, mwendo wa saa tisa, mpaka kwenye makorongo yenye kuta nyekundu ndefu kuliko ghorofa. Alitusimulia kwamba huko ndiko alikolia kwa sauti, maana hapakuwa na jirani wa kugonga ukuta. Mwaka uliofuata alirudi na wenzake wanne wa kazini, na tangu hapo kila Oktoba tulikwenda.

Mwenzetu Mwenda atatusamehe tukikumbusha kwamba safari yake ya kwanza alikuja na sanduku la magurudumu na pasi ya nguo. Mama Queen alimsaidia kuliburuta mchangani bila kumcheka. Alikuja kucheka tuliporudi mjini.

Oktoba ya 2014 haikuwa ya kucheka. Mimi na Mwenda tulikuwa tumekaidi ushauri wake, tukapiga mahema kwenye mto mkavu kwa sababu mchanga ulikuwa laini. Alasiri akaona wingu jeusi juu ya milima ya mbali. Kwetu jua liliwaka. Akaamuru tupande juu mara moja, tuache kila kitu. Mwenzetu Fiona alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, naye akambeba mgongoni. Mimi niligeuka kufuata hema.

"Wilfred, hema tutanunua jingine," alisema kwa upole. "Wewe nitakununua wapi?"

Nikapanda. Hazikupita dakika kumi, maji ya matope yakashuka na magogo, yakasomba mahema yote. Hakutulaumu hata siku moja.

Oktoba iliyopita magoti yalimkatalia kushuka. Alibaki juu kwenye kiti, tukaenda wenyewe tukimwonea huruma. Tuliporudi tulikuta chai tayari. Akasema miaka yote hiyo hakujua kwamba kicheko chetu kinafika hadi juu.

Sasa anahamia Houston kwa binti yake Queen, aliyejifungua mapacha. Mama Queen, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kuturudisha nyumbani wote, kila mwaka, bila kupungua hata mmoja. Nenda ukapumzike, ulee wajukuu kwa afya na furaha. Mlango wa wodi yako uko wazi siku zote.

Wilfred, kwa niaba ya wafanyakazi wote