Ng'ombe Mweupe wa Madamu Scola

Benchi letu la kahawa, hapa Bariadi njia ya kwenda Dutwa, lina miguu mitatu na tofali moja. Limekaa juani miaka kumi na moja kwa sababu Mzee Mwandu, mfanyabiashara wa ng'ombe mstaafu tunayemwita Mnadani, anataka kuona kila basi linaloingia. Halisogezwi. Kahawa anauza Mayu Lukresia, kivulini, barazani kwa fundi cherehani. Binti yake Salu ana miaka sita na ana ualbino. Januari alikaa darasa la awali siku mbili tu, wenzake wakamkimbia, akagoma. Jumatatu hii amerudi. Mama yake ameshasema: akigoma tena, anakwenda kwa bibi yake Ngulyati, na shule ndiyo basi. Leo ni Alhamisi.

— Siku ya nne! akasema Selestini, fundi baiskeli, yaani Spoku. Huyu mwalimu wao, Madamu Scola, kiboko.

— Kawatilia dawa kwenye uji, akasema Mnadani.

— Uji gani, mzee? Ni hadithi. Binti yangu Joyness, anayesoma naye, ananisimulia mpaka nimeikariri. Ng'ombe mweupe anaunguzwa na jua, wenzake wanamcheka. Dume kubwa likasema: kuanzia kesho, wote tunalisha kivulini.

— Dume linaitisha kikao? Nimefuga miaka arobaini, sijaona.

— Hukuwa mjumbe!

Tukacheka. Methodius wa halmashauri, jina lake hapa ni Semina, akainua kidole.

— Sisi tuliendesha semina ya ualbino siku tano, vipeperushi boksi mbili. Nani alibadilika? Yeye hadithi moja, watoto wanagombania kukaa na Salu. Huyo apewe wizara.

— Wizara ndogo, akasema Mnadani. Apelekwe Umoja wa Mataifa, awakalishe marais mkekani.

— Aanzie kwangu, akasema Spoku. Mke wangu na mama yangu hawajasalimiana tangu Pasaka.

Mayu Lukresia alitabasamu, lakini kahawa ilimwagikia kisahani. Macho yake yalikuwa barabarani.

Saa sita na dakika ishirini wakatokea, wameshikana mikono, wakifuata kivuli cha ukuta: Joyness, na Salu mwenye kofia pana. Mayu Lukresia akashusha pumzi.

— Mwadila, babu, akasalimu Joyness.

— Mwadila, mwanangu, akaitikia Mnadani. Njooni mkae hapa, mtusimulie huyo ng'ombe.

Joyness akalitazama benchi, akamtazama Salu. Wala hawakuvuka kivuli.

— Babu, mbona benchi lenu liko juani?

Spoku akaanza kukagua tairi lisilo na tatizo. Semina akanywa kikombe kitupu. Basi la Dutwa likapita likipiga honi, na sikuona hata mmoja aliyegeuka.

Mnadani akasimama, akakung'uta kanzu.

— Spoku, shika upande wa tofali.