Mwalimu wa Watoto wa Hamsini na Mbili

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, mwenzetu wa Idara ya Hisabati anakabidhi funguo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha katika chuo chetu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Nusu Ipi, na sisi wenzake tumezoea kumwita hivyo hivyo, hata vikaoni. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike maneno machache, mepesi, ya kuchangamsha sherehe. Meza yangu na ya Mwalimu zinatazamana, kwa hiyo mambo mepesi ninayo tele, na nitayasema. Lakini nina hasira, na sitajifanya sina.

Alianza kwa kufundisha aljebra mwaka wa kwanza. Huko akaona jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalipita tu. Vijana wanafika kutoka sekondari, wiki ya kwanza wanapewa mtihani wa kupima hisabati, na wanaoshindwa wanasukumiwa kwenye darasa la kurudia ambalo halihesabiwi popote. Wengi hawakutoka huko. Walichoka, wakafungasha virago, wakarudi kwao. Na hawakuwa wajinga. Walikuwa wale wa katikati, wa alama hamsini na mbili, hamsini na tano kwa mia, ambao walimu wao wa zamani hawakumbuki hata sura zao, kwa sababu hawakumletea mtu sifa wala hawakumsumbua mtu.

Ndipo akaanzisha Darasa la Likizo: wiki sita za likizo ndefu, katika chumba namba nne, kwa ajili ya hao tu, kabla hawajaingia chuoni. Mtoto wa hamsini na mbili, alikuwa akituambia, anajua nusu ya hisabati, na kazi yetu ni kujua nusu ipi. Mtoto amekaa shuleni miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wamempa alama, wamempa maneno ya “ongeza bidii,” wamemrudisha nyumbani. Wiki nzima ya kwanza Mwalimu hakufundisha kitu kipya. Alikaa dawati la nyuma, akawaacha waende ubaoni mmoja mmoja, na kusikiliza.

Mlangoni palikuwa na kopo la maziwa, na kila aliyeingia alitumbukiza kifutio chake humo. Kosa halifutwi, linapigwa mstari mmoja na kubaki pale lilipo, lionekane. Wazazi walilalamika kwamba madaftari ya watoto wao yamekuwa machafu. Kijana mmoja alishindwa kuvumilia, akalitia kosa lake mate na kulisugua kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu akaandika kando ya tundu, kwa wino mwekundu: “Hapa palikuwa na kosa zuri. Limekwenda wapi?”

Nakumbuka asubuhi ambayo dawati zima, watoto sita, walipewa swali kwamba tatu mara x ni kumi na mbili, na wote sita wakaandika x ni tisa. Mimi ningepiga alama nyekundu ya kosa na kuendelea. Yeye alifurahi kama aliyeokota pete. Kumbe walikuwa wamekaririshwa huko walikotoka kwamba namba ikivuka upande wa pili, geuza alama. Basi ile tatu ikavuka, ikawa ya kutoa, na kumi na mbili ukitoa tatu ni tisa. Walikuwa watiifu tu, maskini. Mwalimu akawaomba wairudishe tisa yao mahali pa x. Mara tatu, ikatoka ishirini na saba. Akawauliza hizo kumi na tano za ziada wamemwibia nani. Darasa likaangua kicheko, na wale sita wakacheka kuliko wote. Mmoja wao leo ni mfamasia wa hospitali, anapima dozi za watoto wachanga.

Mumewe, fundi seremala, hutania kwamba alioa mke akaletewa pamoja na wanafunzi, na likizo zote za ndoa yao zimeliwa na chumba namba nne. Lakini madawati ya chumba hicho yakivunjika ni yeye anayekuja na nyundo, na hajawahi kulalamika isipokuwa kuhusu chai yetu.

Kuna mwaka mhasibu wetu wa zamani alimpenyeza mwanawe, kijana mwenye A tupu, ili apate cha kuongeza kwenye maombi ya masomo ya nje. Mwalimu alimsikiliza ubaoni kidogo tu, akamrudisha kwa baba yake na ujumbe kwamba mtoto ni mzima wa afya, aachwe akacheze mpira. Mhasibu alinuna muhula mzima. Kiti alichokalia mwanawe akapewa binti wa hamsini na moja.

Kwa mpango huu karibu wote waliopita mikononi mwake walivuka mtihani wa kupima. Wamo mafundi umeme, wauguzi, wakadiriaji majenzi, na walimu wawili wa hisabati. Wenye tuzo hawamo. Hakuna aliyepigwa picha na medali shingoni, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwezi uliopita uongozi ulikaa kikao. Mwalimu hakuitwa, eti kwa kuwa yuko mlangoni kutoka. Ikaamuliwa kwamba Darasa la Likizo lifutwe, na mahali pake pawe na Kambi ya Vipaji, ya wanafunzi wenye A. Sababu niliipata kwa Makamu Mkuu wa chuo mwenyewe, kwenye meza ya chai, akikoroga sukari: wanafunzi wa wastani hawana mvuto kwa wafadhili.

Hawana mvuto! Damu ilinichemka na mpaka leo haijapoa. Mtoto mwenye A atavuka hata tukimfungia stoo. Tunataka kumchukua aliyekwisha kufika, tumtembeze uwanjani, kisha tuseme tumemfikisha sisi. Na hayo yanafanywa kwa macho makavu, na watu wenye shahada za elimu.

Walikuwapo watoto thelathini na sita waliokwisha kukubaliwa kwenye Darasa la Likizo mwaka huu. Juzi mmoja wao, binti wa fundi viatu, alifika mapokezi kuuliza saa ya kuanza. Amepata nafasi ya kusomea upimaji ardhi, na akishindwa mtihani wa kupima ataongezewa mwaka ambao baba yake hana namna ya kuulipia. Karani akamwambia, “Darasa hilo halipo tena, dada. Siku hizi kuna kambi, ila ni ya wenye A. We jitahidi tu.” Yule binti akasema kwa adabu kabisa, “Sasa dada, ningekuwa na A, hiyo kambi ningeitafutia nini?” Karani aliangalia kompyuta yake. Mimi nilikuwa nyuma ya binti, nikayasikia yote.

Mwalimu aliposikia hakupiga kelele. Alimwambia mumewe atengeneze mabenchi ya kibarazani kwao. Yanakaa watu kumi na wawili. Uongozi umemzawadia kiti cha kuegemea, cha kupumzikia uzeeni, naye amekishukuru na kusema kitamfaa mwanafunzi wa kumi na tatu. Jumatatu anaanza.

Najua sherehe ikifika hapa watu watataka kupiga makofi. Naomba msipige. Siyo habari nzuri kwamba mama aliyemaliza utumishi wake anafanyia kibarazani, bila malipo, kazi ambayo chuo kizima chenye kumbi na projekta kimeikataa. Na kibaraza hakitanuki. Alipokuwa akitoa vitu vyake kwenye droo aliniambia, bila kuinua macho, kwamba ataandika majina kwenye vikaratasi, mjukuu wake aokote kumi na matatu. Miaka yote hii hajawahi kumfungia mlango mtoto wa katikati, na sasa tumemlazimisha awapigie kura.

Kwa hiyo mimi pamoja na mwalimu wa fizikia na yule wa michoro ya ufundi tumeafikiana, sote watatu. Jumatatu asubuhi tutakuwa chumba namba nne. Kikifungwa, tutafundishia koridoni, na ubao tutauegemeza kwenye mlango wa Makamu Mkuu. Tumeliandika hapa ili asije akasema hakuambiwa.

Mwalimu, ahsante kwa subira yako, na kwa kutufundisha sisi wenzako kusikiliza kabla ya kusahihisha. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, na miaka mingi ya kutaniana na mzee wako. Usiandike vikaratasi. Chagua kumi na watatu wanaokaa karibu na kwako, uwafundishe kwa raha zako. Hao ishirini na watatu tuachie sisi.