Telesphor Kasonso, Aliyeliliwa Akiwa Hai

Baba paroko, viongozi wetu, majirani wa Mwamkulu, na nyie mliofika kutoka Usevya mkiwa na vumbi la njiani: tunayemlaza leo Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, ni Mzee Telesphor Kasonso. Maisha yake yanasomwa na mjukuu wake Jeniffer, binti wa Mary, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisimuliwa wengine wakisinzia.

Mzee Telesphor alizaliwa Usevya tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili wa Mzee Optatus Kasonso na Bibi Pudensiana, wakulima wa mpunga. Alipofikisha miaka saba alikabidhiwa kazi ya kuamia ndege. Mpunga ukishaanza kutia maziwa, alipandishwa kwenye dungu kabla jua halijachomoza, na huko juu akashinda na fimbo yake na madonge ya udongo mpaka kwelea kwelea warudi kulala. Siku moja alipitiwa na usingizi, ndege wakala kona nzima ya shamba. Baba yake hakumchapa. Aliondoa ngazi tu, akaenda zake kupalilia, na mtoto akakaa kule juu akiwasikia wenzake wakiogelea mtoni. Mzee alikuwa akicheka anapolisimulia hilo, lakini alikuwa akiongeza kwamba ndiyo siku aliyoapa kwamba akikua ataondoka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Usevya kuanzia mwaka 1963, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Hesabu alikuwa anaziweza, mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Alirudi shambani kwa miaka minne aliyoiita mirefu kuliko yote, hadi mwaka 1974 alipojiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka uliofuata akachukuliwa jeshini moja kwa moja. Mama yake alipomuuliza anakimbia nini, alijibu kwamba anataka kuonja wali wa mpunga ambao hakuulinda yeye.

Tarehe 18 Juni 1977, akiwa likizo, alifunga ndoa takatifu na Natalia, binti wa jirani. Likizo ilikuwa ya siku ishirini na moja. Zilipokwisha alirudi kambini, na Bibi Natalia akabaki kwa wakwe zake akiwa bado hajajua mume wake anapenda chai ya sukari nyingi au kidogo.

Vita ya Kagera ilipoanza, kikosi chake kilipelekwa mbele. Mwezi Februari 1979 kombora lilipiga karibu na handaki alimokuwamo, udongo ukamfunika hadi shingoni. Ndaki, kijana wa Kisukuma waliyekuwa wakigawana naye blanketi, aliliona handaki likiporomoka, na dakika chache baadaye akajeruhiwa yeye mwenyewe, akaondolewa. Hakuona kwamba kesho yake asubuhi Telesphor alifukuliwa akiwa anapumua, mbavu zimevunjika. Mwezi Aprili Ndaki alifika Usevya akitembelea gongo, akawaambia wazazi alichokiona. Hakusema uongo, na Mzee hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Walipendana hadi mwisho: Mzee alisafiri kwenda kuhani msiba wa Ndaki mwaka 2008.

Habari nyingine haikufika, basi Telesphor akaliliwa. Mzee Optatus ndiye aliyepiga ukelele wa kwanza, ukoo ukafuata. Misa ikasomwa, Natalia akanyolewa nywele, matanga yakaanuliwa. Mzee Optatus hakupona na habari ile, akafariki mwezi Agosti.

Tarehe 2 Desemba 1979, siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, marehemu alifika nyumbani na begi lake. Waliporudi walimkuta amekaa kwenye kinu, anakula embe. Natalia alimkimbilia, wazee wakamshika. Desturi ya wazee wale ilikuwa hivi: aliyekwisha kuliliwa hapiti mlangoni, kwa maana kilio chake kimeshatoka kwa mlango huo. Hutobolewa ukuta wa nyuma, akaingia kwa tundu. Kisha yule aliyeanzisha kilio hukirudisha kwa maneno yake mwenyewe mbele ya ukoo, na mtu anakuwa mzima tena. Ukuta ukatobolewa. Mzee alisema tundu lile lilimbana mabega kuliko handaki, na alikwama katikati huku shangazi zake wakimvuta mikono na wajomba wakimsukuma kwa nyuma. Aliingia. Lakini wa kukirudisha kilio alikuwa kaburini, na wazee wakasema hakuna mwingine.

Hapo ndipo alipobaki. Paroko wa wakati ule alikuja kubariki nyumba, akatangaza kwamba Telesphor yu hai. Wazee wakaitikia amina, wakaendelea kama walivyokuwa. Hakuketi kwenye vikao vya ukoo. Hakubeba jeneza, wala hakutupa udongo kaburini. Bibi Pudensiana alipozikwa mwaka 1996, Mzee aliinama achote udongo amzike mama yake, mkono ukashikwa. Alirudi nyuma ya watu, akavaa kofia yake. Hilo lilimuuma mpaka mwisho, na sisi tuliomlea uzeeni tunakiri kwamba lilituuma na sisi.

Aliacha jeshi mwaka 1981, na mwaka 1984 akahamia hapa Mwamkulu na familia yake. Alilima mpunga na mahindi, akawa mlinzi wa ghala kwa miaka kumi na saba. Alidhani ameziacha habari zile kulekule. Lakini Usevya si mbali, na vilabuni watu hawanyamazi. Jirani yake Manyanda alimpa jina la Marehemu, kwa utani tu wa Kisukuma, na watoto wakalishika. Alikuwa akiitika. Siku moja mjukuu huyu anayesoma alimuuliza kwa nini anaitika jina baya vile, akamjibu kwa upole: "Handakini walinitoa kesho yake, mjukuu wangu. Hapa nyumbani bado nimefukiwa. Nikifa kweli, nyie mnilie."

Kisukari kilimwanza mwaka 2019. Mwaka jana alikatwa mguu wa kushoto, akawa mtu wa kitandani, akitazama ukuta. Alifariki hospitalini mjini Mpanda, Alhamisi tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Aya inayofuata haimo katika ratiba mliyoshika. Fundi wa steshenari alikuwa ameshachapa.

Mmeshangaa tangu juzi kwamba msiba huu ni wa kimya. Ni agizo la Mzee Leodgar, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo sasa. Alisema maiti mmoja haliliwi mara mbili, kwamba kilio cha pili hutafuta mtu mwingine wa kukijaza, na yeye ana wajukuu wadogo. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa. Jana alasiri, baada ya kuchagua mahali pa kaburi, mjukuu huyu alikieleza kikao ombi la babu yake. Bibi Natalia, ambaye tangu Alhamisi alikuwa hajatoa sauti, akasema:

"Shemeji, mwaka ule nilimlilia kijana niliyekaa naye siku ishirini na moja. Huyu mzee niliyekaa naye miaka arobaini na mitano, nani amemlilia?"

Mzee Leodgar alivua kofia. Kisha akasema, "Huyo hajaliliwa, shemeji. Ni kweli. Sisi tuliowanyamazisha watu tuache." Akaongeza kwamba mtu aliyeishi miaka yote hiyo akihesabiwa maiti ameonewa, na aliyemwonea ni ukoo wake, na yeye ni mmoja wao. Amekubali hayo yasomwe hapa.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Natalia. Watoto wanne, Mary, Deo, Erasmus na Maiko. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Ndugu mmoja, Mzee Leodgar, ambaye ameomba awe wa kwanza kutupa udongo kwa niaba ya mkono ulioshikwa mwaka 1996.

Karatasi hii ikikunjwa, Bibi Natalia ataanza. Tunaomba mtu yeyote asimshike, asimwambie jikaze, na anayeweza amsaidie sauti, kwani sauti yake imechoka. Babu, ulituomba jambo moja. Pumzika sasa kwa amani, tunakulilia.