Mzigo Ambao Mitume Hawakunitwika

Bwana asifiwe, akina mama! Na akina baba wachache mliojibanza huko nyuma karibu na masufuria, nanyi Bwana asifiwe.

Wengi mnanijua kwa sauti kabla ya sura, maana kwenye kwaya mimi ndiye ninayewazidi wenzangu kelele. Lakini kuna kipindi sauti hiyo haikusikika hapa, mkadhani nimehama Lemara. Sikuhama. Nilikuwa ndani, nimejifungia.

Ilianza na damu. Tusioneane aibu, sisi ni watu wazima. Siku zangu zilikuja zikakataa kuondoka. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Wakati huo nilikuwa nasali pia na kikundi cha majirani, watu wenye upendo kwelikweli. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, alitufundisha kwamba kumwamini Yesu bila kushika torati ya Musa ni wokovu nusu. Tukaacha nguruwe. Nikasema sawa, kitimoto sikuwa mpenzi wake. Mnacheka? Nawajua humu ambao wangelia!

Siku nilipomweleza shida yangu ili aniombee, alisogea nyuma kidogo. Akafungua torati akanionyesha: mwanamke atokwaye na damu ni najisi, anapolala najisi, anapokaa najisi, na anayemgusa naye anakuwa najisi mpaka jioni.

"Dada, ikikoma jitakase, ndipo urudi."

Ndugu zangu, nilimwamini. Nikajitengea kigoda na kikombe. Mdogo wangu akajifungua, nikamtazama mtoto nikiwa mlangoni. Mume wangu akisema twende hospitali, namjibu, "Nikishatakasika." Nilikonda, nikiinama kuokota kitu naona giza.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka mlimani, na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo mama," nikamwambia kwa mbali.

"Marahaba. Mbona unanisalimia kama mlinzi wa geti?"

Nikamweleza yote nikilia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Inuka," akasema.

Nikainuka. Akakikalia kigoda changu, yule mama! Akachukua kikombe changu, akamaliza chai iliyobaki.

"Haya, sasa tuko wawili, na jioni bado mbali. Lete kisu tumenye ndizi."

Nilicheka, nawaambia, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku ile tulipika loshoro pamoja, ndizi na mahindi na mtindi wake aliokuja nao, tukala sahani moja.

Asubuhi akanipeleka kwa mchungaji wetu. Nikamuuliza wazi, "Mchungaji, torati si ya Mungu?"

"Ni ya Mungu. Na Wayahudi wengi waliomwamini Yesu waliendelea kuishika, tena kwa upendo. Ila watu wa mataifa walipoamini, watu kama mimi na wewe, baadhi wakasema hawa hawaokoki mpaka watahiriwe na washike yote ya Musa. Palikuwa na ubishi mkali. Mitume wakakutana Yerusalemu. Petro akasimama akawauliza kwa nini wawabebeshe wengine mzigo uliowalemea wao na baba zao. Wakakubaliana: tunaokolewa kwa neema, wao na sisi."

Mimi sikukubali haraka. Nikamwambia, "Lakini waliwaagiza wajiepushe na damu. Nimesoma."

Akatabasamu. "Damu ile ni ya kula, mwanangu. Siyo ya mwili wako. Na mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi akamgusa Yesu, Yesu alimkemea?"

"Hapana. Alimwita binti."

"Basi, binti, twende hospitali."

Mzigo ulinitoka palepale. Hospitali wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Nikaongezewa damu, nikafanyiwa upasuaji, na leo nimesimama, nimenenepa, mnaniona!

Na msikie hili. Yule kiongozi wa kikundi alikuja wodini. Alisimama kidogo pale miguuni pa kitanda, kisha akakaa kitandani, akanishika mkono, akalia. Yeye bado anaishika Sabato yake, na namheshimu. Lakini ananitembelea, na mtoto wa mdogo wangu tunagombania kumbeba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mkwe, yule pale wa kitenge cha kijani, simameni mmpigie vigelegele! Asante mume wangu kwa subira, asante mchungaji, asante ninyi mliochangia damu bila kujua itamfikia nani.

Funzo langu ni fupi. Mama unayeumwa, usisubiri uwe safi ndipo uje kwa Mungu au kwa daktari. Njoo ulivyo. Na anayetaka kushika sheria ashike, ila asiisimamishe mlangoni kuzuia watu.

Nimesema mengi, na pilau inanukia. Twendeni tukale wote. Mikono tutanawa, lakini ni kwa ajili ya hili vumbi letu, si kwa ajili ya najisi!